Binti anaingia mwaka wa kwanza Dar: nimnunulie vifaa gani vya umeme aende navyo hosteli?

MkulimaNjombe

Wakuu, habari za majukumu. Wakubwa shikamooni, wadogo nawasalimu.

Binti yangu wa kwanza amepata nafasi chuo kikuu huko Dar es Salaam, anaenda kusomea ualimu wa sayansi, Fizikia na Hisabati. Kwenye ukoo wetu hakuna aliyewahi kufika huko kabla yake, ndiyo maana nimekuja kuuliza humu. Nyumbani hakuna wa kumuuliza. Mimi na mama yake tumeuza viazi vya msimu huu, na tumetenga shilingi 1,300,000 kwa ajili ya vifaa tu, mbali na nauli na mahitaji mengine.

Jana usiku tulikaa na kalamu tukaandika orodha. Mama yake ameweka hita ya kuchemshia maji ya kuoga, jagi la umeme, pasi, jiko la umeme la sahani moja na friji ndogo. Mimi nimeweka laptopu, taa ya kuchaji na redio. Mdogo wake akadandia, akaweka sabufa. Binti mwenyewe alikaa kimya, akasema tu tununue tutakachoona kinafaa.

Hela haitoshi vyote, hilo nalijua. Nianze na kipi, niache kipi? Na hosteli wanaruhusu nini? Sitaki mtoto aende pungufu akaonekana wa shamba, lakini sitaki pia tubebe mzigo wa kwenda kunyang'anywa getini. Aliyewahi kukaa hosteli kwelikweli anisaidie.

MwakaWaTatu

Shikamoo mzee, na hongera sana kwa binti.

Mimi niko mwaka wa tatu hapa Dar, nakaa hosteli ya chuo. Chumba chetu kwenye karatasi ni cha watu wanne. Kwa hali halisi kuna miezi tunalala sita, maana kuna kubebana: mwenzenu kakosa chumba, mnamuacha nje? Sasa nikuelezee chumba chenyewe. Soketi ziko mbili ukutani. Mbili tu. Simu sita, laptopu tano, feni moja, pasi moja ya kupokezana. Ikifika saa mbili usiku, watu wote wametoka vipindini, ile ekstensheni inafanana na mti wenye kunguru. Kabla hujauliza kifaa ni bei gani, uliza kitachomekwa wapi.

Hita itoe, mzee. Nina ndugu Makambako, huko huko Njombe kwenu, najua Juni huko mtu haogi bila moto. Dar bomba lenyewe mchana linatoa maji ya vuguvugu. Kuanzia Novemba mpaka Machi utamwona mtu anaoga mara tatu kwa siku na bado analala juu ya sakafu. Feni ndiyo mahitaji. Hita hataigusa.

Redio iko kwenye simu. Sabufa usimpe kabisa, nakuomba. Chumba cha watu sita, mmoja ana mtihani kesho, mwingine kafungulia mziki: nimeona watu waliopendana kama ndugu wakihamiana vyumba kwa sababu ya sabufa. Mpe visikilizi vya masikioni vizuri, atasikiliza anachotaka na atasoma wenzake wakipiga soga.

MstaafuHosteli

Mkuu, nimefanya kazi ya usimamizi wa hosteli miaka tisa, nimestaafu. Sitaji chuo. Naongea nilichokiona kwa macho.

Siku ya kupokelewa, binti atapewa karatasi ya masharti aisaini. Wengi hawaisomi. Mwambie aisome yote. Karibu kila mahali utakuta hita, koili, jiko la umeme na jiko la gesi haviruhusiwi vyumbani. Pasi kuna sehemu inaruhusiwa kwenye chumba maalumu tu. Friji mara nyingi ni hapana, au ni kwa kibali. Kwa hiyo njia rahisi kuliko zote ni hii: kabla hujanunua chochote kinachopasha moto, apige simu ofisi ya mshauri wa wanafunzi aulize. Dakika mbili.

Watu wanadhani tunakataza kwa roho mbaya. Nikupe tukio moja. Asubuhi umeme umekatika. Binti mmoja anataka kuoga, anachomeka hita yake kwenye ndoo ndogo ya plastiki iliyojaa nusu, anagundua umeme hakuna, anaoga maji ya baridi, anaenda kipindini. Plagi ameiacha ukutani, hita ndani ya ndoo. Saa nne umeme umerudi. Hakuna mtu chumbani. Maji yamechemka, yameendelea kuchemka, yameisha mpaka chuma kikabaki wazi. Tulipovunja mlango saa nane mchana, ndoo ilikuwa imelala sakafuni kama chapati, imeganda, na kingo za godoro la kitanda cha chini zilikuwa nyeusi. Nilinusa harufu ile ya plastiki kwenye nguo zangu siku mbili. Godoro lingeshika moto kamili, korido ile ilikuwa na vyumba 24 na mlango mmoja wa kutokea.

Yule binti alikuwa mtoto mzuri, mwenye bidii. Alisahau tu.

Fundi_Waya

Mzee, mimi ni fundi umeme wa mtaani, mwaka wa 14 huu. Mstaafu kagusa penyewe. Acha nikupe kipimo utakachokitumia dukani bila kumuuliza muuzaji.

Geuza kifaa, tazama kibandiko chake nyuma au chini. Kuna namba imeishia na herufi W. Hizo ni wati. Umeme wetu ni volti 230. Gawanya wati kwa 230, jibu ni ampia, yaani mzigo ambao waya utabeba. Pasi ya wati 1,000 inavuta ampia 4.3. Hita ya wati 1,500 inavuta 6.5. Jagi la wati 1,800 linakaribia 8. Sasa njoo kwenye laptopu: chaja ya wati 65 haifiki hata theluthi ya ampia moja. Feni ya mezani ni wati 40 mpaka 60. Taa na simu ndiyo kabisa, usihesabu.

Umeona tofauti? Kifaa ambacho kazi yake ni kutoa joto kinakula mara ishirini na zaidi ya kile kinachotoa mwanga, picha au upepo. Kwenye orodha yenu, vya mama karibu vyote ni vya joto. Vya kwako karibu vyote si vya joto. Hapo ndipo pa kukata.

Halafu kuna jambo ambalo watu wengi hawalijui, na ndilo linalochoma nyumba. Plagi yetu ya pini tatu bapa ina fyuzi ndani, kubwa yake ni ampia 13. Watu wanasema, "si kuna fyuzi, itakata." Zile ekstensheni za bei rahisi za kupanga barabarani, waya wake ni wa milimita za mraba 0.75, unaofaa kubeba kama ampia 6. Nyingine hata hapo hazifiki, plastiki nene nje, ndani shaba kama nywele. Chumbani mmoja anachomeka jagi, ampia 8. Mwenzake anachomeka pasi, ampia 4 na kitu. Jumla 12. Fyuzi haikati, maana yenyewe inasubiri ipite 13. Waya wa 6 unabebeshwa 12, na unapikika polepole chini ya godoro au nyuma ya tranka, mahali ambapo hakuna anayetazama.

Kwa hiyo ukiniuliza mimi kitu kimoja cha kumpa binti, ningesema ekstensheni. Nzuri. Soma ubavuni mwa waya, iwe imeandikwa 3 x 1.5. Bei yake inaweza kuwa mara tatu ya ile ya barabarani, lipa. Mwambie asiitumie ikiwa imeviringishwa kama kamba ya ng'ombe, aikunjue, joto lipate pa kutokea. Asichomeke ekstensheni juu ya ekstensheni. Na awe na tabia ya kuushika waya kwa kiganja baada ya nusu saa. Ukiwa wa moto, kuna kitu kinazidi, achomoe.

GetoKimara

Nawaheshimu wakubwa, ila mnamfanya mzee aone kupika ni dhambi. Mwanafunzi anakula nini?

Boom, yaani hela ya kujikimu ya mkopo, likitoka, wiki mbili za kwanza kila mtu tajiri. Likikata, ndipo utajua kwa nini watu wanaficha sufuria ya umeme ya kupikia wali chini ya kitanda. Mimi mwaka wa kwanza nilikuwa nakula kwa mama ntilie mchana na usiku, hela ikawa haifiki mwisho wa mwezi. Mwaka wa pili nikahama hosteli, nikapanga geto Kimara na mwenzangu, tukanunua sufuria ya umeme ya wati 500. Wali, maharage, hata mayai ya kuchemsha, vyote humo humo. Hapo ndipo nilipoacha kukopa.

Kwa hiyo usilifute kabisa wazo la kupika, mzee. Liweke pembeni.

Fundi_Waya

@GetoKimara hatupingani, kaka. Wati 500 ni ampia 2 na kidogo, waya mzuri unabeba bila shida. Geto ni kwako, soketi ni yako, na LUKU unanunua mwenyewe. Hapo hesabu inabadilika: elfu kumi inakupa kama uniti 28 ukiwa nje ya ile ruzuku ya matumizi madogo. Sufuria ya wati 500 ikiwaka dakika 40 ni kama theluthi moja tu ya uniti. Hita ya 1,500 nusu saa ni robo tatu ya uniti. Ndoo moja tu ya maji hiyo.

Ila binti anaanzia hosteli. Sharti likisema hapana, ni hapana. Vyombo vya kupikia asubiri mwaka wa pili akipanga.

MwakaWaTatu

Niongeze hapo. Wengi wetu tunaanza hosteli mwaka wa kwanza, baadaye tunatoka. Vya geto usinunue leo. Vitakaa kwenye tranka mwaka mzima vikiota kutu ya hewa ya pwani.

FundiLaptopu_Kkoo

Mzee, shikamoo. Natengeneza laptopu Kariakoo. Kwenye hiyo hela yako, laptopu ndiyo iwe ya kwanza, nyingine zote zisubiri nyuma yake. Kazi za darasani zinatumwa mtandaoni, vitabu vinakuja kwa PDF, mwaka wa tatu ana ripoti ya kuandika. Anayetegemea kuazima anasoma mwenye nayo akiwa amelala.

Ualimu wa Fizikia na Hisabati hauhitaji mashine kubwa. Angekuwa anasomea usanifu majengo ningesema mengine. Kwa huyu, RAM (kumbukumbu ya kufanyia kazi) ya GB 8 na SSD (uhifadhi wa ndani) ya GB 256 vinatosha mpaka anahitimu. Iliyotumika nzuri ni bora kuliko mpya ya bei rahisi. Mpya za bei ya chini nyingi zina RAM GB 4 iliyogandishwa kwenye bodi, huwezi kuongeza, na uhifadhi mdogo unaojaa kabla ya Krismasi.

Jambo la mwaka huu: usikubali kuuziwa ya zamani sana. Windows 10 iliacha kupewa marekebisho ya kawaida ya usalama tarehe 14 Oktoba 2025. Windows 11, kwa mashine zenye prosesa (ubongo wa kompyuta) ya Intel, inataka prosesa ya kizazi cha 8 kwenda juu. Tazama namba baada ya i5 au i3. Ikiwa 8250, imeanza na 8, sawa. Ikiwa 6300, imeanza na 6, wacha. Tangu mwaka jana tunaletewa nyingi za kizazi cha 6 na 7 kwa bei ya kutupa, na wazazi wananunua kwa sababu zinang'aa.

Ukifika dukani usiwe na haraka. Kaa na mashine nusu saa haijachomekwa, huku inacheza video. Bonyeza kila kitufe kwenye kibodi, kimoja kimoja, mpaka alama za pembeni. Zima, washa, uone kama inaomba nywila yoyote kabla ya Windows kuanza. Ikiomba, rudisha kauntani, hiyo imefungwa na mwenyewe wa zamani. Halafu mwambie muuzaji afungue ile skrini nyeusi ya amri aandike powercfg /batteryreport. Itatoka ripoti inayoonyesha betri ilizaliwa na uwezo gani na leo inabeba kiasi gani. Ikiwa imebaki nusu, omba akushushie bei ya betri mpya. Muuzaji mwaminifu hakasiriki ukiomba hivyo.

Mwisho, chukua risiti ya EFD na uandike namba ya mashine mahali pawili. Bila hivyo, ikiibiwa, polisi utawaeleza nini? Simu vivyo hivyo: bonyeza *#06# upate IMEI, tuma ile namba kwenda 15090 uone kama inatambulika kwa jina la simu uliyoshika mkononi, na uinakili.

Bajeti yangu kwako: 500,000 mpaka 600,000 kwa laptopu. Usishuke sana chini ya hapo.

MkulimaNjombe

Nawashukuru sana, wakuu. Nimesoma yote mara mbili, na nimemsomea mama yake ile habari ya ndoo. Amenyamaza muda mrefu, kisha akasema "futa hita."

Swali jingine. Mdogo wangu yuko Marekani, jimbo la Ohio. Anasema huko wanafunzi wanaenda chuo na jagi, sufuria ya wali na friji ndogo, na yuko tayari kununua vya huko vizuri avitume. Je, vitafaa?

MbongoUghaibuni

Kaka, niko Marekani mwaka wa 11 sasa, nijibu hili kwa upendo maana mimi mwenyewe nilishatuma. Mwambie mdogo wako asitume chochote cha joto.

Umeme wa huku ni volti 120, huko nyumbani ni 230. Jagi lililotengenezwa kwa 120 ukilichomeka kwenye 230, linavuta nguvu karibu mara nne ya ile liliyoundiwa. Halikai hata dakika. Nilimtumia mama sufuria ya wali, akaichomeka kwa furaha mbele ya majirani, ikatoa moshi kabla mchele haujalowa. Alilia, si kwa ajili ya sufuria. Alidhani ameharibu zawadi yangu. Wapo wanaotumia transfoma ya kushusha umeme, lakini ya kubeba jagi ni kitu kizito kama tofali mbili na bei yake inazidi jagi lenyewe.

Cha kutuma kutoka huku ni laptopu. Chaja ya laptopu imeandikwa INPUT 100-240V, 50/60Hz, hiyo inakubali kote, atabadilisha plagi tu. Huku zilizotumika na kukaguliwa upya zinapatikana vizuri. Akimpa mtu anayesafiri, laptopu na pawabenki zikae kwenye mkoba wa mkononi. Pawabenki hairuhusiwi kwenye mzigo unaoingia tumboni mwa ndege, na mwisho wake ni Wh (wati-saa) 100 bila kuomba kibali. Ya mAh 20,000 ni Wh 74, inapita.

DadaMwalimu

Baba, shikamoo. Mimi ni mwalimu wa sekondari, nimesomea huko huko anakoenda binti, ualimu huo huo. Nimefurahi mpaka nimefungua uzi huu mara tatu leo.

Naomba nisimame kwenye taa ya kuchaji, maana naona watu wameipita haraka. Umeme ukikatika wiki ya mitihani, wenzake watawasha mishumaa. Mimi nilikuwa natumia mshumaa, nikiubandika kwenye kifuniko cha kopo, kitandani, ndani ya chandarua. Ndani ya chandarua! Leo nikikumbuka mwili unasisimka. Agosti 2009, Idodi kule Iringa, bweni liliungua na wasichana 12 wakafa, na ilielezwa kuwa chanzo ni mshumaa wa mwanafunzi aliyekuwa anajisomea. Na kabla ya hapo Shauritanga, Rombo, 1994, wasichana zaidi ya 40 kwa usiku mmoja. Walikuwa watoto wa watu kama wewe na mama yake. Taa ya kuchaji ni ya bei ndogo kuliko vyote kwenye orodha yenu na mimi ningeiweka ya pili baada ya laptopu. Na aandike namba ya zimamoto, 114, kwenye simu yake na ukutani.

Pawabenki ni ya tatu. Ya mAh 20,000 inajaza simu ya kawaida mara mbili au tatu, maana sehemu ya nguvu inapotea njiani. Usiku wa mgao anakuwa na taa, simu na intaneti. Kununua kile kifaa cha kurusha intaneti hakuna haja, simu yenyewe inarusha, na vyuoni kuna waifai hata kama jioni inazidiwa. Printa pia hapana. Steshenari ziko kila kona ya chuo.

Halafu wizi. Mwaka wa kwanza nilikaa chumba cha chini, dirisha la vioo vya kupachika. Niliweka laptopu juu ya meza, karibu na dirisha, nikaenda kuoga. Nilivyorudi waya wa chaja ulikuwa unaning'inia nje. Walikuja na fimbo ndefu yenye ndoano mbele, wakaunasa waya, wakavuta taratibu mpaka mashine ikafika dirishani, wakatoa vioo viwili kama wanaokota maembe. Ndani yake kulikuwa na kazi zangu zote za muhula na sikuwa na nakala popote. Kilichoniuma ni kazi. Kwa hiyo: kufuli nzuri ya kabati, laptopu isilale mezani, na flashi mbili, moja ikae na mtu mwingine. Kazi azitume pia kwenye barua pepe yake mwenyewe kila Ijumaa.

Na kikokotoo cha sayansi, baba, Fizikia na Hisabati haviendi bila hicho. Anunue kinachoruhusiwa kwenye mitihani, aulize kwanza idara.

MamaWaTemeke

Samahani natoka kidogo nje ya mada, lakini mmesema friji mara nyingi ni hapana na mimi imenigusa.

Mwanangu ana kisukari cha tangu utotoni, anachoma insulini. Alipokwenda chuo tulihangaika na friji kuliko ada. Chupa ambayo haijafunguliwa inataka nyuzi 2 mpaka 8. Aliyoanza kuitumia, daktari wetu alisema inaweza kukaa nje kama wiki nne iwapo joto halizidi nyuzi 30, na Dar Januari chumba kinazidi. Tulikwenda kwa mlezi wa hosteli na barua ya daktari, hakutusumbua. Chupa za akiba zikakaa kwenye friji ya zahanati ya chuo, na mtoto akabaki na ile anayotumia. Hiyo aliiweka kwenye chungu kidogo ndani ya chungu kikubwa, katikati mchanga unaomwagiwa maji asubuhi na jioni. Huku pwani hewa ina unyevu, hakipozi kama kingepoza Dodoma, lakini kinasaidia.

Nasema hili kwa mzazi mwingine atakayesoma. Msinunue friji kabla hamjaongea na wenye hosteli, na msifiche ugonjwa wa mtoto. Wenzake wa chumbani ndio waliomwahi siku sukari iliposhuka usiku.

MstaafuHosteli

Mama, asante kwa kuandika. Barua ya daktari ilikuwa inafungua milango yote kwetu. Aliyeificha ndiye tuliyekuwa tunamkuta amechelewa.

GetoKimara

Na pasi je? Hamjasema. Asiende nayo. Kwenye chumba cha watu sita, lazima wawili waje nazo. Yeye aje na kile ambacho hakuna atakayekileta, na hicho ni ekstensheni nzuri. Atapigiwa salamu muhula mzima.

MkulimaNjombe

Wakuu, narudi na mrejesho.

Jana baada ya chakula binti aliniomba simu asome uzi huu mwenyewe. Alisoma mpaka kwa Fundi, akasimama, akachukua daftari lake la kidato cha sita. Akachora chumba: soketi mbili, watu sita. Akapanga wati za kila mtu, akagawa kwa 230, akajumlisha kwanza bila vifaa vya joto. Simu, laptopu na feni vyote kwa pamoja havikufika ampia 3. Akaongeza jagi na pasi, ikapita 14. Akanigeuzia daftari akasema, "Baba, hii si ndiyo tuliyosoma shuleni?" Wiki nzima alikuwa kimya, kumbe aliogopa kutukatalia vitu kwa kuwa anajua viazi vilivyouzwa. Usiku ule aliongea mpaka mafuta ya kibatari yakatuishia, maana na huku umeme ulikuwa umekata.

Orodha ameiandika upya yeye: laptopu ya kizazi cha 8 kwenda juu, tutainunulia Kariakoo na nusu saa tutakaa nayo. Taa ya kuchaji. Pawabenki. Ekstensheni ya 1.5. Feni. Kikokotoo, flashi mbili, visikilizi, kufuli. Mdogo wangu wa Ohio nimemwambia asitume kitu, asaidie bando. Mama yake alibaki na kinyongo kidogo cha jagi, leo asubuhi amekwenda sokoni mwenyewe na kurudi na chupa ya chai ya lita moja na nusu. Anasema maji ya moto ataomba kantini, chupa itayatunza.

Kwa makadirio yetu inabaki kama 350,000. Tumekubaliana isitumike. Ikae kwenye simu yake kwa ajili ya kitu kikiharibika.

Tunapanda basi Jumatano alfajiri, tutashukia Mbezi usiku. Fundi, nina swali la mwisho: binti ameona feni ya kuchaji, ina betri ndani, imeandikwa wati 18. Inafaa, au nimnunulie ile kubwa ya kusimama?

Fundi_Waya

Hiyo ya kuchaji, mzee. Umeme ukikatika usiku wa Februari atakushukuru. Ila aichaji mchana akiwepo chumbani, si akiwa amelala, na asiifunike na nguo. Mkifika Kariakoo mkikwama kwenye waya, niandikie ujumbe humu, nikiwa karibu nitakuja niushike mwenyewe.